Maswali ya Wasomaji: Sushi Nzuri Jijini Tokyo Hupatikana Wapi?

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu hii. Mimi ni fundi mitambo wa bandari mjini Tanga, na mwezi wa Septemba nitakwenda Tokyo kwa mafunzo ya miezi minane. Nimeambiwa nitakaa Hatagaya. Samaki nimemla tangu utotoni, lakini sushi nimeila mara moja tu, katika hoteli moja Dar es Salaam, nikaiona ni tonge la wali baridi lenye kipande cha samaki asiye na ladha, kwa bei iliyoniuma. Wenzangu waliotangulia wananiambia kwamba ile ya kule ni kitu kingine kabisa. Posho yangu ni ya kiasi, na Kijapani sikijui kukisoma. Katika jiji lenye migahawa isiyohesabika, nitaujuaje ulio mzuri?
A. M., Tanga

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Niliishi Tokyo miaka sita, na mwaka wa kwanza karibu wote niliupoteza kwa kosa ambalo ningependa wewe uliepuke: nilifuata majina yaliyotajwa sana na foleni ndefu za wageni, nikalipa fedha nyingi, nikala chakula cha kawaida. Aliyenifumbua macho ni mpishi mzee wa mtaani kwangu ambaye, baada ya kuniona nikimkagua samaki kila nilipoketi mbele yake, aliniambia nimwache samaki kwanza, niuangalie wali. Tangu siku hiyo sikupata tena shida ya kuutambua mgahawa mzuri, na karibu yote nitakayokueleza hapa yametokana na neno lake hilo.

Samaki mbichi aliyekatwa vipande na kuletwa peke yake huitwa sashimi. Sushi ni wali uliokolezwa siki, chumvi na mara nyingi sukari kidogo, nao ndio unaobeba hicho kinachowekwa juu, kiwe kibichi au kilichopikwa. Wapishi huuita wali huo shari, na cha juu yake hukiita neta. Katika mgahawa mzuri shari huwa na joto la mwili wa mtu. Tonge hushikamana vidoleni, lakini likifika kinywani punje hujiachia moja moja, na siki husikika bila kukwangua koo. Huo ulioula hotelini, kwa jinsi ulivyoueleza, bila shaka ulikuwa umekaa kwenye friji, na wali uliolala kwenye friji hukakamaa hata asiwepo samaki wa kuuokoa. Ukiingia mahali popote Tokyo, kipande cha kwanza kile polepole ukiusikiliza wali. Ukiwa baridi na umebanwa kama donge, maliza ulichoagiza, lipa, na siku nyingine utafute kwingine.

Jambo la pili litakuwa gumu kidogo kwako, kama lilivyokuwa kwangu, kwa sababu sisi watu wa pwani tunampima samaki kwa saa alizotoka majini: macho yang'ae, mashavu yawe mekundu, na aliyelala jana ni wa kukaangwa. Sushi ya Tokyo haikujengwa juu ya kipimo hicho. Nigiri, yaani sushi ya tonge lililofinyangwa kwa mkono, ilienea katika miaka ya 1820 wakati jiji hilo likiitwa Edo, na anayetajwa zaidi kuhusu mwanzo wake ni mpishi aliyeitwa Hanaya Yohei. Kilikuwa chakula cha vibandani, cha watu wenye haraka, na barafu haikuwapo, kwa hiyo kila samaki aliyetolewa katika ghuba iliyo mbele ya mji ilibidi atengenezwe kwa namna yake: huyu alitiwa chumvi kisha siki, yule alilowekwa katika mchuzi wa soya, na mkunga wa baharini, waitaye anago, alichemshwa taratibu mpaka akawa laini. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa Edomae, maana yake mbele ya Edo, na mpaka leo ndiyo inayomtofautisha fundi na mtu anayejua kukata samaki tu. Hata jodari mkubwa hupumzishwa siku kadhaa kabla ya kuletwa kaunta, kwa sababu nyama yake huongezeka utamu inapotulia. Mwanzoni nilidhani naletewa samaki wa juzi. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa naletewa kazi ya siku tatu.

Kwa sababu hiyo, ukitaka kumpima mpishi usianze na otoro, ile sehemu ya tumbo la jodari yenye mafuta mengi na bei kubwa, kwa kuwa mafuta humpendeza kila mtu na huficha mengi. Agiza kohada. Huyu ni samaki mdogo mwenye ngozi ya rangi ya fedha, wa ukoo wa karibu na dagaa, ambaye hutiwa chumvi na kisha siki, na muda wa kila hatua hubadilika kwa ukubwa wake, unene wake na hali ya hewa ya siku ile. Akizidishiwa siki anakauka na kuwa mkali. Akipunguziwa hubaki na harufu. Mpishi anayekupa kohada mororo, mwenye chumvi na siki zilizolingana, hatakuangusha kwa samaki mwingine yeyote. Bei yake pia ni ya chini, jambo litakalokufaa wewe mwenye posho ya kiasi. Wengine humpima mpishi kwa tamago, yai la kuchoma linalokatwa kama kipande cha mkate, nami naona kipimo hicho ni cha haki endapo mgahawa huo unalitengeneza wenyewe badala ya kulinunua.

Sasa nikujibu ni wapi. Hatagaya ni kituo cha pili kutoka Shinjuku kwa treni, na tangu huko hadi vitongoji vya mbali utakuta karibu na kila kituo mgahawa mmoja au miwili ya sushi inayoendeshwa na familia, yenye kaunta ya watu wanane au kumi na meza chache. Hii ndiyo ninayokusihi uitafute kabla ya Ginza, mtaa wa migahawa ya bei kubwa. Pazia fupi la kitambaa, noren, likitundikwa mlangoni maana yake pamefunguliwa, likiondolewa, pamefungwa. Usiogope mlango usioonyesha ndani. Nenda mchana, kati ya saa tano na nusu na saa saba na nusu kwa saa zetu za Kiswahili, kwa sababu mgahawa uleule unaotoza fedha nyingi usiku huuza seti ya mchana kwa bei ambayo mwanafunzi anaimudu. Seti hizo zimegawanywa kwa daraja tatu zilizo sawa karibu kote: nami ni ya kawaida, jo ni ya juu, na tokujo ni ya juu zaidi, kila moja ikiwa na bei iliyoandikwa. Nami ya mchana mitaani huwa kati ya yen elfu moja na elfu mbili hivi, pamoja na supu. Sema tu "nami hitotsu onegaishimasu", yaani naomba nami moja, na hapo lugha imekwisha kuwa tatizo. Ikiwa wasabi, kile kiungo kikali cha kijani, inakuwasha mno, ongeza "sabi nuki", yaani bila wasabi. Angalia pia kitu kimoja kinachowaumiza wageni: samaki ambaye badala ya bei ameandikiwa alama mbili zinazosomeka jika hutozwa kwa bei ya soko ya siku ile, nawe huijui mpaka uletewe hesabu.

Migahawa ya mkanda, ambayo sahani hupita mbele ya walaji, usiidharau. Ilianzishwa na Shiraishi Yoshiaki, aliyefungua wa kwanza karibu na Osaka mwaka 1958, baada ya kuona chupa za bia zikisafirishwa kwa mkanda kiwandani. Leo Sushiro, Kura Sushi na Hama Sushi zina matawi kila upande wa jiji, unaagiza kwa kugusa picha kwenye kioo, na sahani ya vipande viwili huanzia zaidi kidogo ya yen mia moja. Tangu mwaka 2023, baada ya kusambaa kwa video za wateja waliochezea vyakula na vyombo vya wengine, baadhi ziliacha kuzungusha sahani ovyo, na sasa ulichoagiza huja moja kwa moja hadi mezani kwako. Huko utajifunza majina ya samaki kwa gharama ndogo, na ukienda kwenye kaunta ya mpishi utakuwa unajua unachokitaka. Wali wake hufinyangwa na mashine, nao ni wa kadiri. Mimi nilikwenda huko mara nyingi na sikujuta, ila sikuhesabu kuwa nimekula sushi ya fundi. Kati ya hiyo na mgahawa wa familia kuna ile ya kulia ukiwa umesimama, ambayo mpishi hukufinyangia kipande kimoja kimoja mbele yako kwa bei nafuu, kwa kuwa hakuna anayekaa muda mrefu. Hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na vibanda vya Edo, na kwa mtu wa kipato chako ndiyo ningeiweka ya kwanza siku za kazi.

Kuhusu Tsukiji, utaisikia sana. Soko la jumla la samaki lililofunguliwa pale mwaka 1935 lilihamishiwa Toyosu mwezi Oktoba 2018; kilichobaki Tsukiji ni soko la nje, lenye maduka na migahawa mingi, zuri kwa kutembea asubuhi. Toyosu nako kuna migahawa ya sushi ndani ya majengo ya soko, na watu hupanga foleni alfajiri. Samaki ni wazuri, sikatai, lakini samaki haohao ndio wanaonunuliwa asubuhi ile na mpishi wa mtaani kwako, naye hatakusimamisha saa mbili nje. Soko hufungwa Jumapili na baadhi ya Jumatano, na wapishi wengi hupumzika kwa kufuata siku hizo, basi usipange safari yako ya sushi bila kulizingatia.

Ukitaka kutumia simu, Wajapani wenyewe hutazama Tabelog, tovuti ya kuhakiki migahawa, ambako wahakiki ni wagumu wa kutoa alama: mgahawa wenye 3.5 kati ya 5 ni mzuri sana, na wenye 3.2 unaweza kukufurahisha kabisa. Usiupite kwa kudhani kwamba umefeli.

Kwa kuwa utakuwa huko kuanzia Septemba, utafika wakati mzuri. Majira ya vuli ya Japani katsuo, ndugu wa karibu wa sehewa wetu, hurudi kutoka bahari za kaskazini akiwa amenona; majira ya baridi ni zamu ya buri, wa jamii ya kolekole, na ya hirame mwenye nyama nyeupe; kufikia Aprili chaza wa aina mbalimbali watakuwa wengi kaunta. Muulize mpishi ni nini kizuri leo, kwa kuwa mgahawa wenye orodha ileile Januari hadi Desemba una jambo la kujieleza. Na ukiletewa kipande chekundu cha jodari, kumbuka kwamba meli za Kijapani huvua jodari katika Bahari ya Hindi tangu miaka ya 1950, na humgandisha melini kwa baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Kuna siku, bila kujua, utakula Tokyo samaki aliyepita mbele ya mlango wenu.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu anasoma chuo kikuu Tokyo na anaipenda sushi. Mimi nilidhani ni wali na samaki, hakuna neno, mpaka jirani akaniambia kwamba ndani yake huwa na pombe. Je, ni kweli, na kama ni kweli ale wapi?
Mama Z., Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Jirani yako hakukosea, ingawa si kila sushi iko hivyo. Samaki na mchele wenyewe hawana tatizo. Tatizo liko katika viungo. Baadhi ya wapishi huongeza mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, katika siki ya wali, nayo mirin halisi ina kilevi cha asilimia 14 hivi. Yai la tamago na mkunga wa anago karibu kila mara hupikwa kwa mirin au sake, ambayo ni pombe ya mchele ya kunywa. Siki nyekundu inayopendwa na migahawa ya bei kubwa hutengenezwa kwa makapi ya sake. Mchuzi wa soya huwa na kilevi kidogo kinachotokana na kuchachuka kwake, na viwanda vingi huongeza kingine ili usiharibike. Katika siki na katika soya iliyochachuka yenyewe wanazuoni wana maneno yao, na hilo mimi namwachia mwanao na sheikh wake. Mirin na sake zinazomiminwa ndani ya chungu ni jambo jingine, na ni haki yake kuuliza.

Aulize hivi: "Mirin ya osake wa haitte imasu ka?", yaani, je, mmetia mirin au pombe? Mpishi wa mgahawa mdogo, anayetengeneza wali wake mwenyewe, atamjibu bila kusita kwa sababu anajua kila alichotia. Mfanyakazi wa mgahawa wa mkanda, ambao wali na michuzi yake hutoka kiwandani, mara nyingi hawezi kujibu, na migahawa hiyo huuza pia vipande vya nyama, pamoja na ya nguruwe, jikoni humohumo. Kwa hiyo katika jambo hili mgahawa wa mtaani una faida zaidi.

Migahawa ya sushi yenye cheti cha halali ipo Tokyo, ingawa ni michache, na mtaa wa Asakusa ni wa kuanzia kutafuta. Njia bora kuliko zote ni kwenda swala ya Ijumaa katika msikiti wa Tokyo Camii, ulio karibu na kituo cha Yoyogi-Uehara. Msikiti wa kwanza mahali pale ulijengwa mwaka 1938, na huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Baada ya swala hukutana hapo wanafunzi wa mataifa mengi, nao hujua ni mgahawa gani umebadilisha mmiliki na upi umeacha cheti chake, habari ambazo orodha za mtandaoni huchelewa kuzipata.

Mwambie pia ajifunze kujitengenezea. Siki ya mchele, sukari na chumvi, asome maandishi ya chupa. Samaki anunue dukani aliyeandikiwa sashimi-yo, yaani wa kuliwa mbichi, asije akamla mbichi yule aliyewekwa kwa ajili ya kupikwa. Mchuzi wa soya wa halali unauzwa katika maduka ya vyakula vya Waislamu ya Shin-Okubo, na chupa ndogo anaweza kutembea nayo. Hata bila mchuzi asihofu, kwa maana ngisi na samaki weupe huliwa na Wajapani wenyewe kwa chumvi na matone ya ndimu, na mimi nawaona ni watamu zaidi hivyo.

SWALI: Hujambo. Nitakuwa Tokyo usiku tatu kikazi, na mkurugenzi wangu ameniagiza nitafute mgahawa wa sushi wa hadhi ya juu kwa wageni wetu wawili. Nianzie wapi?
P. W., Nairobi

JIBU: Sijambo. Anza leo, maana kaunta za hadhi hiyo huwa na viti kumi au pungufu, na hujazwa mwezi mmoja au zaidi kabla. Mpigie simu mhudumu wa mapokezi wa hoteli mtakayofikia, umtajie siku, idadi ya watu, kiwango cha fedha na vyakula wasivyokula wageni wenu. Umpe majina ya migahawa mitatu, si mmoja. Mwongozo wa Michelin umehakiki Tokyo tangu mwaka 2007 na unaweza kukusaidia kuchagua, lakini usiufanye ufunguo: Sukiyabashi Jiro, mgahawa wa Ginza uliojulikana dunia nzima, uliondolewa humo mwaka 2019 kwa sababu tu mtu wa kawaida hakuweza kupata nafasi pale.

Usiku huko Ginza kila mtu atalipiwa yen elfu thelathini au zaidi. Kama ratiba inaruhusu, mimi ningewapeleka wageni mchana: kaunta ileile, na mara nyingi kwa gharama ndogo zaidi. Ukishaweka nafasi usiivunje, kwa kuwa samaki wamenunuliwa kwa hesabu yenu na mnaweza kutozwa gharama yote. Fikeni dakika kumi kabla, maana wote kaunta huanza pamoja. Msijipake manukato, kwa sababu yanamharibia chakula kila aliye karibu. Bakshishi haitolewi.

Mtakula omakase, yaani mpishi ndiye anayechagua, kipande baada ya kipande, na kila kimoja kiliwe mara kinapowekwa, kwa mkono au kwa vijiti, kabla wali haujapoteza joto lake. Kikija kimekwisha kupakwa mchuzi, msikichovye tena. Mwishoni, baada ya yai, mpishi atauliza kama mmeridhika. Hapo ndipo mgeni wenu anaweza kuomba kirudiwe kipande kimoja kilichompendeza, kwa malipo ya ziada, na mpishi hulifurahia ombi hilo kuliko sifa yoyote ya maneno.